Mizani Iliyokalia Samadi

Hapo kale, wanyama walipofuga ng'ombe na kugombana na majirani kama sisi, Mama Nguchiro alikuwa ameinama anakamua, maziwa yakiingia kwenye ndoo chwaa, chwaa. Mara Digidigi akaingia zizini mbio, akihema.

“Mama Nguchiro! Dume la Mzee Kiboko limepimwa. Kilo mia!”

“Mia? Lile dume linaloziba mlango wa zizi?”

“Mia! Fisi kalichukua kwa magunia mawili ya mahindi, na Kiboko kasema asante.”

Mama Nguchiro akaitua ndoo, puu!

Sikilizeni kilichomkasirisha. Miaka yote Fisi alinunua ng'ombe kwa macho. Alimzunguka mnyama, akampiga kofi matakoni, pa! Akasema, “Mifupa mitupu huyu.” Wafugaji wakachoka. Wakachanga, wakapata mizani ya bei nafuu: vyuma viwili, ubao wa kusimamisha ng'ombe, na saa ya kusomea kilo. Lakini ilikuwa nzito, na Fisi ana mabega. “Nitawabebea na kuwafungia mwenyewe, bure,” akasema.

Nao wakakubali! Wafugaji wazima, wanamwachia mnunuzi awafungie mizani!

Mama Nguchiro alikuwa na dume moja tu. Alikuwa amelikatia majani miaka mitatu. Nyumbani watoto wake saba walikuwa wanakunywa uji mwepesi kama maji, na dume hilo ndilo lilikuwa chakula chao mpaka mavuno.

Akalifunga kamba, akalipeleka kwenye mizani, ambako Mzee Kiboko na majirani walikuwa bado wamekusanyika. Alipofika alichungulia chini ya ubao. Lo! Fisi alikuwa amerundika samadi, akaishindilia mpaka ubao ukaikalia. Nusu ya uzito ilibebwa na ardhi.

Mama Nguchiro akainuka, akajifanya hajaona kitu.

“Karibu shemeji,” Fisi akacheka. “Pandisha.”

Dume likapanda, kwata, kwata.

“Kilo mia na hamsini! Kila kilo ya ng'ombe, kilo mbili za mahindi. Magunia matatu. Una bahati wewe.”

“Mizani hii ni ya kweli, shemeji?”

“Kweli tupu! Naapa mbele ya wote.”

“Haya. Basi na mahindi yapande.”

“Ya nini? Kila gunia ni kilo mia, limeshonwa tayari.”

“Ng'ombe wangu kapimwa. Mahindi yako yanaogopa nini?”

Majirani wakacheka. Mzee Kiboko akanyanyua gunia kutoka kwenye mkokoteni wa Fisi, akalibwaga ubaoni, puu! Saa ikasoma hamsini.

“Hamsini?” Kiboko akakunja uso. “Kumbe magunia yako ni nusu nusu?”

La pili, puu! Mia. La tatu, puu! Mia na hamsini.

“Mimi ninadai kilo mia tatu,” akasema Mama Nguchiro kwa upole. “Shusha mengine matatu.”

“Wizi huo!” Fisi akaruka. “Magunia yangu yamejaa! Mizani ndiyo inadanganya, imekalia samadi!”

Majirani wote wakamgeukia.

“Samadi?” akauliza Kiboko. “Wewe umejuaje?”

Fisi akarudi nyuma hatua mbili.

“Mimi niliiona,” akasema Mama Nguchiro, na sasa upole ulikuwa umekwisha. “Ila ningesema mimi, ungeniita mwongo. Nikakuacha useme mwenyewe. Huna haya! Watoto wa wenzako wanalala njaa, wewe unashindilia samadi!”

Wakaihamishia mizani kwenye mwamba tambarare. Kwanza wakapima ndoo ya maji ya lita ishirini, saa ikasoma ishirini na kidogo, uzito wa ndoo yenyewe. Kisha dume likapanda. Kilo mia tatu!

Fisi akashusha magunia yote sita. Kiboko naye akamtupia magunia yake mawili, akafungua dume lake kwenye mkokoteni, akaondoka nalo bila kumwangalia.

Jioni Mama Nguchiro akasonga ugali mgumu, akaupakua na maziwa ya mgando.

“Sikieni,” akawaambia watoto. “Usimwachie anayenunua mali yako akufungie mizani.”

Wakaitikia midomo imejaa. Yeye akawahesabu vichwa kwa kidole, mmoja mmoja. Saba. Wote wapo.