Mzee Shekiondo Aliyesaga Mtama

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji chenye kisima kimoja. Kimoja tu. Upande huu waliteka watu wa ukoo wa Mgaza. Ng'ambo waliteka watu wa ukoo wa Kilua.

Mvua ikakata mwaka mmoja. Ikakata wa pili. Maji yakashuka, yakashuka, watu wakaanza kutazamana kwa jicho baya.

"Kisima chetu! Babu Mgaza alikichimba!"

"Chetu! Alikichimba babu Kilua!"

Ngumi zikapigwa. Mitungi ikavunjika.

Jumbe akawaita wote. Akasema, "Waliochimba waliweka kitu chini kabisa, ndiyo desturi. Siku ya saba kila ukoo utataja ni kitu gani, kisha tutakausha kisima tuone. Wasiosema kweli watahama, wao na watoto wao na mbuzi wao."

Siku saba! Kwa mtu mwenye hofu siku saba ni kufumba na kufumbua.

Basi kwa Mgaza alikuwako mjukuu wake, Mzee Shekiondo. Magoti mabovu, maneno machache. Akachukua kamba ya ukindu, akaenda nyumba kwa nyumba kuwauliza wazee wa ukoo. "Babu aliweka nini?" Anasikiliza, hakatizi, anapiga fundo asisahau. Neno moja, fundo moja. Ami yake akasema mkuki. Fundo. Binamu yake akasema pembe ya nyati. Fundo. Mwingine shoka. Fundo. Siku ya nne kamba ina mafundo tisa, na hakuna mawili yaliyokubaliana.

Ndugu yake Mbelwa akasema, "Tuseme mkuki. Mkuki una heshima."

"Heshima unayo," akajibu Mzee Shekiondo. "Lakini je, umo?"

Tangu hapo Mzee Shekiondo kila akiona mtoto anacheza uwanjani, anajiuliza: huyu naye atahamia wapi?

Akakumbuka mtu mmoja ambaye hajaulizwa. Mama yake mdogo, Bibi Makiza, mjane wa baba yake mdogo. Aliolewa mwaka uleule kisima kinachimbwa. Sasa kikongwe, kifua kinambana, koho, koho. Hakuulizwa kwa sababu ya desturi: mke hatamki jina la baba mkwe wala hasimulii habari zake, mpaka kaburini. Na baba mkwe wake ndiye Mgaza.

Mzee Shekiondo akaenda. "Shikamoo, mama. Kile kisima..."

Bibi akajiziba mdomo kwa upindo wa nguo. "Mwanangu, usinitie makosani. Huyo ni mkwe wangu." Koho, koho.

Akarudi kwake ameinama. Siku ya tano hiyo.

Njiani akasikia jiwe linasaga uani kwa jirani, na mwanamke anaimba akimsema wifi yake. Akasimama. Wimbo wa jiwe haushtakiwi! Anayesaga husema mume, husema mkwe, na hakuna wa kumwuliza.

Akachukua kapu la mtama, akarudi kwa Bibi Makiza, akapiga magoti kwenye jiwe, akaanza kusaga. Mwanamume! Wanawake wakapiga vigelegele vya kejeli. "Njooni muone, mzee kaolewa!"

Krr, krr, krr.

Bibi akashindwa kuvumilia. "Unasaga au unaupapasa? Nipishe!"

Akakaa yeye. Mzee akawa anamimina mtama, kimya. Krr, krr. Kapu la kwanza, kikohozi tu. La pili, kikohozi tu. Siku ya sita, kapu la tatu, bibi akaimba:

Krr, jiwe, krr,
nilikuja bibi harusi na jiwe la mama.
Krr, jiwe, krr,
mwenye mji kaanguka shimoni, mguu kavunjika,
Kilua kashuka kamtoa, wakachimba pamoja.
Krr, jiwe, krr,
wakachukua jiwe langu, hawakuniomba,
wakalizamisha, wakaapa: maji ya wawili.

Mzee Shekiondo akajua mwenye mji ni babu yake Mgaza, fundo akalipiga.

Mbelwa alipoambiwa akawaka. "Unampa adui nusu ya kisima! Na kama kikongwe kachanganyikiwa? Tuhame wote kwa wimbo wa kusagia?"

"Huenda."

"Na bado utasema?"

"Nitasema nilichosikia. Sikutumwa kutunga."

Siku ya saba. Watu wa Kilua wakasema, "Shoka!" Mzee Shekiondo akasema, "Jiwe la kusagia la mama yangu Bibi Makiza. Na kisima ni cha koo mbili." Wenziwe wakamzomea.

Wakakausha. Chwaa! Matope. Chwaa! Matope. Hakuna mkuki, hakuna shoka, hakuna jiwe. Mbelwa akaanza kuhesabu mbuzi wake wa kuhama nao. Chwaa! Matope. Ndipo aliyekuwa shimoni akapiga kelele, "Kamba! Leteni kamba!"

Likatoka jiwe, limebonyea katikati kwa kusagiwa.

Watu wa Kilua wakaanza kulia. Jumbe akanyoosha fimbo kuwafukuza. Mzee Shekiondo akasema, "Jumbe, aliyenipa jiwe ndiye aliyenipa kiapo. Siwezi kuchukua nusu ya maneno yake." Jumbe akashusha fimbo. Hakuhama mtu.

Mzee akakimbilia kwa bibi na magoti yake yale. "Mama, limeonekana! Nikuletee?"

"Lirudisheni, maji yamelizoea. Sikulilia jiwe, mwanangu. Nililia kwa kutoulizwa."

"Basi nauliza, mama. Yote."

Bibi akacheka, akakohoa. "Lete mtama."

Akaimba siku tatu. Siku ya nne jiwe halikulia. Mzee Shekiondo alikuwa na mafundo mapya kumi na moja tu mkononi, na msibani akalia kuliko wote, maana kwa miaka sitini alipita mlangoni pale, shikamoo, marahaba, akaenda zake.

Kuuliza si ujinga, wanangu. Ujinga ni kungoja kesi ndipo uulize. Anzeni na yule mliyezoea kumpita.

Yangu yamekomea hapo. Mwenye bibi nyumbani, ainuke aende.