Kionjo cha Mfalme

Haya, sogezeni vigoda, hizo kuni zisukumeni ndani. Nikiita, itikeni. Asiyeitika akalale.

— Nina hadithi!
— Ilete tuionje!
— Mtaionja au mtaimaliza?
— Tutakubakishia!

Haya, tutaona.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiishi kama watu na kukoseana adabu kama watu, palikuwa na nchi nyuma ya milima, mbali na masoko makubwa. Nchi ile ilijaliwa viazi vitamu. Msimu ukifika wanakula viazi, wanakula viazi, wanakula viazi mpaka wanavimbiwa. Vinavyobaki vinaoza. Kisha kiangazi kinaingia, na wale wale waliovimbiwa wanalia njaa. Ndivyo walivyoishi tangu enzi za babu zao.

Katika nchi hiyo aliishi Buku, panya mjane mwenye watoto watatu. Kitindamimba wake aliitwa Kabula, kwa kuwa alizaliwa siku ya mvua. Buku alikuwa amechoka kulia kila kiangazi. Basi msimu mmoja akachemsha viazi vyake, akavikata vipande, akavianika juu ya jabali. Jua likavikausha vikawa vigumu kama kokoto. Akatafuna kimoja: kitamu! Akaviweka mpaka mwezi ukaandama: havikuoza. Hiyo ndiyo michembe, na kabla ya Buku hakuna aliyeijua.

Kapu likajaa. "Wanangu," akasema, "nyingine tutakula, nyingine nitavuka nayo mto nikabadilishe na mtama. Mwaka huu hatulali na njaa." Watoto wakacheza. Kabula akacheza mpaka akaanguka.

Habari haina miguu lakini hutembea. Ikamfikia Mfalme Tembo, naye akafurahi. Tena alifurahi kwa dhati, msimsingizie. "Hiki ndicho nchi yangu ilichokosa!" akasema. "Wazee, nendeni mkamtie moyo huyo mama!"

Akatangulia Ngiri, mzee wa mashamba.

"Hodi, fundi!"

"Karibu, mzee wangu."

"Nimekuja kukutia moyo."

"Ahsante, mzee wangu."

"Ila kitu kipya hakivuki mto bila wakubwa kukionja. Ndiyo mila yetu."

"Basi onja, mzee wangu."

Mnaujua mdomo wa ngiri? Akaonja huku, akaonja kule, akaonja katikati. Akajipangusa, akasema, "Kazi nzuri, kaza buti," akaenda zake. Buku akachungulia kapu, akaona michembe imeshuka. Lakini uso ulikuwa unacheka, maana tangu mumewe afe hakuna aliyewahi kumsifu. Akaimba, nanyi niitikieni:

— Michembe yangu, michembe ya wanangu, wakubwa wanaonja!
— Wadogo wataonja nini?

Akaja Fisi, mzee wa masoko.

"Hodi, fundi!"

"Karibu, mzee wangu."

"Nimekuja kukutia moyo."

Buku akalifunua kapu. Kisha akasema, "Basi onja, mzee wangu."

Fisi akaonja kwa meno, akaonja kwa ulimi, akachota na ya kwenda kuwaonjesha wakeze. Husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akakonda.

— Michembe yangu, michembe ya wanangu, wakubwa wanaonja!
— Wadogo wataonja nini?

Yule mtoto mkubwa akasema, "Mama, tuvuke sasa hivi. Tuvuke na hii iliyobaki."

"Mwanangu, Mfalme anakuja mwenyewe. Akikuta tumeondoka, tutaitwa wavunja mila. Tutaishi wapi?" Akabaki. Aliogopa, ndugu zangu, na mimi simlaumu.

Mfalme Tembo akaja na wazee wake, kwa ngoma na vigelegele.

"Mama, nimekuja kukutia moyo! Nitaonja kidogo tu, nisije nikakumalizia."

Na kweli alionja kidogo. Alinyoosha mkonga mara moja tu. Lakini kionjo cha tembo ni ghala la panya. Kapu likabaki kapu.

Kipande kimoja kilianguka chini. Kabula akakiokota upesi, Fisi akataka kumpokonya. Mfalme akacheka kwa upole: "Mwacheni, na mtoto naye aonje."

Kisha akatangaza, "Tangu leo utaitwa Mama Mbunifu! Haya, lete nyingine!"

"Viazi vimekwisha, Mfalme wangu. Msimu umepita."

"Basi mwakani! Usikate tamaa!"

Wakapiga makofi, wakaondoka na ngoma yao. Buku akabaki na jina, na jina halipikiki.

Kiangazi kikaingia. Wakatafuna mizizi, wakatafuna magome, wakatafuna lile kapu lenyewe. Wale watoto wawili wakubwa walifika masika. Kabula hakuiona mvua.

Mvua ikanyesha, viazi vikajaa tena, jua likawaka juu ya lile jabali. Mtoto mkubwa akauliza, "Mama, jua zuri leo. Hatuaniki?"

Buku akalitazama jabali.

"Tuanike," akasema, "waje tena kututia moyo?"

Viazi vikaoza, vyake na vya majirani, nchi nzima ikanuka. Huko kwenye baraza kuu Mfalme akauliza kwa uchungu, "Mbona nchi yangu haina wabunifu?" Ngiri akasema ni wavivu. Fisi akasema wamekata tamaa.

"Basi," akasema Mfalme, "twendeni tukawatie moyo."

Hadithi yangu imefika ukingoni. Imeukuta mto hapo, na hakuna aliyeuvuka. Ukipenda mwenzio ainuke, nunua kapu lake au msaidie kulibeba. Ukishindwa vyote viwili, mpishe njia apite.

Mlisema mtanibakishia. Mmebakisha nini? Mbona mmenyamaza? Haya, koo langu limekauka. Mwenye maji anipe maji. Mwenye kutaka kunitia moyo, mlango ule pale, alale salama.