Konokono wa Radi Bado Yuko Njiani

Paukwa, nyie mlionyoosha miguu na nyie mlioikunja.

Pakawa, bibi, tumetulia.

Palikuwa na nini?

Tuambie wewe uliyeona.

Palikuwa na jani la mgomba. Mnalitaka au mnasinzia?

Tunalitaka, bibi, na picha zake.

Haya. Hapo kale wanyama wa bonde la mto walikuwa na hadithi yao ya picha. Kila siku ya gulio Fundi Kima, mzee wa vidole virefu, alichora jani moja la mgomba lililokaushwa, kwaru, kwaru, kwaru, akalitundika kwenye kamba, kisha akawachorea nakala waliotaka kwenda nalo nyumbani. Shujaa wa hadithi hiyo alikuwa Konokono wa Radi. Mdogo, mpole, mistari saba gambani. Akinyoosha pembe zake mbili, radi inapiga, paa, na mwonevu anakaa chini. Lakini kukimbia hakukimbia hata siku moja. Kijiji kinaungua, yeye teleee, teleee. Watu wanalia, yeye teleee, teleee. Anachelewa, anafika, anaokoa. Wasomaji walimpenda kwa hilo hilo.

Na katika wasomaji wote hakuna aliyempenda kama Kalunguyeye, yule binti wa miiba mifupi, kimo chake nazi moja, maneno yake kapu zima. Mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma picha. Majani arobaini waliyasoma pamoja, mama akipitisha kidole kwenye kila picha na kuacha doa la mafuta ya kupikia. Kwenye jani la arobaini Konokono, amechoka na vita, anauona kwa mbali moshi wa jikoni kwa mama yake.

"Gulio lijalo atafika," mama akasema. "Atakuta kisamvu."

"Atakuta uyoga," Kalunguyeye akasema.

"Kisamvu, mwanangu. Mtu akitoka mbali hapewi uyoga."

Kabla ya gulio hilo mama akashikwa na homa, homa ikaondoka naye. Na gulio lilipofika, jani la arobaini na moja halikutundikwa.

Halikutundikwa kwa sababu ya Kiboko. Migomba yote ya bondeni ilikuwa yake, na siku hiyo aliinuka majini, chubwi, akaenda kutazama majani yake yanafanyiwa nini. Akalitazama jani juu mpaka chini. Hakujiona.

"Huyu ndiye shujaa?" akamwuliza Fundi Kima.

"Ndiye, mheshimiwa."

"Kitu ninachokikanyaga bila kujua?"

"Huyo huyo, mheshimiwa."

"Basi anza upya. Jani la kwanza, Kiboko wa Radi. Na unichore mnene, nisije nikaonekana mgonjwa."

Migomba ni yake, Fundi Kima atasema nini? Akachora, kwaru, kwaru. Gulio lililofuata wasomaji walijaa chini ya kamba, shingo juu.

"Na huyu nani?" akasema Kanga. "Mistari saba iko wapi?"

"Mwacheni, ana kifua," akasema Ngiri. "Mambo mapya hayo. Nyie mmezoea vya kale kama wajane."

"Kifua cha nini? Anaruka angani na tumbo lile?"

"Na Konokono radi aliipata wapi? Mbona hukuuliza?"

"Sikuuliza kwa sababu nilimzoea."

"Mimi nilisema," akaingilia Kicheche, ambaye kila jambo alikuwa ameshalisema. "Tangu jani la thelathini, walipombadilishia rangi ya pembe, nikasema, huyu anaondolewa."

Wakabishana mpaka nyanya zikanyauka. Kalunguyeye hakubishana. Aliutafuta moshi kwenye lile jani jipya, kona hii, kona ile. Moshi haukuwepo.

Kiboko akasafisha koo, guru guru guru. "Sitaki mtu wa kunilinganisha. Gulio lijalo kila mmoja alete majani yake ya zamani, nami nitayatafuna." Akalivuta la Kanga hapo hapo, mwamu, mwamu, mwamu, akalimeza.

Kalunguyeye akarudi nyumbani, akayatoa majani arobaini chini ya mkeka, akayapanga sakafuni. Madoa ya mafuta yalikuwepo, moja kwa kila picha, na kwenye jani la arobaini yalikuwa mawili, kwa sababu pale kwenye moshi mama alirudia. Akaweka kidole chake juu ya doa. Kisamvu au uyoga? Hakuna wa kumbishia. Alikaa hivyo mchana kutwa, na alipoinuka alikuwa ameshapata la kufanya.

Gulio likafika. Kalunguyeye akawa wa kwanza kwenye mstari, furushi mgongoni.

"Weka," Kiboko akasema, kinywa wazi kama mlango wa ghala.

"Shikamoo, bwana mkubwa. Naweka. Ila nimebeba na neno, umbea tu, wala usijali."

Kiboko akafunga kinywa. Umbea nani hapendi?

"Wanasemaje?"

"Wanasema umeiiba."

"Nimeiba nini?"

"Radi. Kwenye jani la tisa Konokono aliapa: radi yangu haiokotwi, haiibwi, hukabidhiwa mlangoni kwa mama yangu. Sasa wanauliza, huyu mheshimiwa wetu alikabidhiwa lini? Nikawaambia nyamazeni. Wakanicheka, bwana mkubwa. Anayekutetea ni Ngiri peke yake, na Ngiri unamjua."

Kiboko akapumua, puuuh, majani kwenye kamba yakayumba. "Nifanye nini?"

"Akukabidhi. Kwenye jani, watu wote wakiona. Wewe umesimama mlangoni kwa mama yake, yeye anakuja, anainama, anasema, 'Pokea, mkubwa wangu, mimi sistahili.' Nani tena atafungua mdomo?"

"Sistahili," Kiboko akasema polepole. Likamnogea. "Sistahili. Fundi, mchore leo amefika."

"Achorwe," akasema Kalunguyeye. "Lakini mwendo wake, bwana mkubwa? Wasomaji wanaujua. Jani la kumi na mbili moto ulimfuata mpaka mkiani na hakukimbia. Akifika leo leo, watasema huyu si Konokono. Kama si Konokono, radi si yenyewe. Kama radi si yenyewe, na wewe hujakabidhiwa."

"Kweli," akasema Kanga.

"Kweli kabisa," akasema Ngiri, kwa sababu hata Ngiri alikuwa amesoma jani la kumi na mbili.

"Mimi nilisema," akasema Kicheche.

Kiboko akawatazama mmoja mmoja. "Sasa mwendo wake tutaupimaje?"

"Kwa majani ya zamani. Ukiyatafuna, Fundi atapimia wapi?"

Basi majani ya zamani hayakutafunwa. Furushi likarudi mgongoni kwa Kalunguyeye, na Fundi Kima akachora jani la arobaini na moja: huku Konokono njiani, kule Kiboko mlangoni, tumbo lake limeuziba moshi nusu.

Gulio la pili Kiboko akaja mbio. "Amefika?"

"Bado, bwana mkubwa. Kuna jiwe."

Gulio la tatu. "Amefika?"

"Bado, bwana mkubwa. Amekutana na siafu."

Gulio la nne. "Amefika?"

"Bado, bwana mkubwa. Jua limewaka, amejifungia ndani anangoja mvua ilowanishe njia."

"Hao siafu walimuuma?" Kiboko akauliza kwa sauti ndogo, na wote wakageuka kumtazama, naye akajifanya anakohoa.

Wasomaji wakarudi kugombania nakala. Kanga akapata jani lake upya. Ngiri akahesabu mistari saba kila gulio, asije akapunjwa. Na mwenye kutunga vizuizi alikuwa Kalunguyeye mwenyewe. Kila asubuhi ya gulio alikwenda kwa Fundi Kima na kizuizi kipya kichwani: mara mzizi, mara shimo, mara bibi kizee kaomba asikilizwe. Na kila jani moshi ulikaribia kidogo, kwa maana ni Konokono, hasimami. Ukakaribia mpaka ndani ya mlango pakaonekana, mpaka ukaonekana na mkono wa mama ukichochea kuni nyuma ya tumbo la Kiboko.

Siku hiyo Fundi Kima akaweka kalamu chini.

"Binti yangu," akasema. "Miezi yote hii unanipa mawe na mashimo. Usoni mwako naona kitu kingine. Nikuchoree jani moja, lako peke yako? Amefika. Ameingia. Sufuria imefunuliwa. Ulifiche kwenye furushi lako, Kiboko hatajua."

Kalunguyeye akauangalia ule mkono unaochochea kuni. Alitaka lile jani kuliko alivyowahi kutaka chakula. Alitaka kuona sufuria ikifunuliwa, hata kama ni kisamvu, hasa kama ni kisamvu. Kima akaanza kuchukua jani jipya, taratibu, akimpa nafasi.

"Umewahi kuchora jambo ukalificha?" Kalunguyeye akauliza.

"Hapana. Mkono wangu ukishachora jambo, gulio lijalo unaendelea hapo hapo. Siwezi kuuzuia."

"Akiingia, basi ameingia."

"Ndivyo."

"Na yule aliye mlangoni anapokea."

"Ndivyo, binti yangu."

Kalunguyeye akapangusa pua yake ndefu kwa kiganja. "Basi mchoree mto mbele yake," akasema. "Uwe mpana, Fundi. Na ng'ambo, mama yake amesimama anaangalia njia."

Kwaru, kwaru, kwaru.

Hapo ndipo nilipoitua. Iliyonoga chukueni mwende nayo, iliyododa niachieni nitaila mwenyewe.

Na funzo lake, wajukuu, lisikieni vizuri: kipya ni bora kuliko cha zamani, mwenye migomba ndiye mwenye hadithi, na mtu akichelewa msimngoje, fungeni mlango mle. Kiboko mwenyewe ndiye aliyeniagiza niwafundishe hivyo. Alikuwa na haraka, maskini, anakwenda kwenye kamba kuuliza kama mto umepungua.