Nati Kwenye Bolti Yake

Wapendwa, leo nina mfano mmoja tu, na nitausema taratibu, maana ni mfano wa vyuma, na vyuma ni vizito.

Alikuwepo mama mmoja kule nyanda za juu, kwenye viazi na ukungu, mjane wa fundi magari. Mume wake alimwachia nyumba ya matofali ya kuchoma, sanduku la spana, na landrova moja ya zamani sana, ya miaka ile ambayo kioo cha mbele kililazwa juu ya boneti mtu akitaka upepo. Kijijini gari hilo waliliita Kobe. Halikuwa na haraka, ila hakuna tope lililowahi kulishinda. Mama huyu aliolewa akiwa ndani ya Kobe, mvua ikinyesha nje na ndani, mashangazi wawili wamelishika shela lisiguse grisi.

Nimesema alimwachia landrova. Niseme vizuri zaidi: alimwachia landrova iliyofunguliwa. Fundi alikuwa amestaafu, akasema sasa nitalitengeneza Kobe liwe kama lilivyotoka kiwandani. Akaanza kulifungua. Alifungua milango, akafungua boneti, akatoa injini, akatoa giaboksi, akatoa ekseli. Kila alichofungua alikiweka kwenye kopo, na juu ya kopo akaandika kwa chaki. Alifungua kwa miaka miwili. Siku aliyomaliza kufungua alinawa mikono, akamwambia mke wake, "Mama, sasa tunaanza kurudisha. Sikukuu ya mavuno nitakupeleka kanisani na Kobe." Juma lililofuata homa ikamchukua.

Mnaijua hali hiyo. Mtu ameacha kazi katikati. Koti lake bado liko kwenye msumari.

Basi likabaki lile fremu la chini, yaani chesisi, juu ya mawe, na vyuma vingine chini ya turubai, na makopo arobaini na kitu yamepangwa ukutani. Mama alikuwa na neno moja moyoni, ambalo hakumwambia mtu kwa sababu watu wangesema msiba umemchanganya. Alitaka kulisikia Kobe likinguruma tena kabla hajafa. Hilo tu.

Sasa fundi alikuwa na mdogo wake. Mtu mwema, mwenye huruma, na mikono isiyokaa bure. Kila akija kumsalimu shemeji yake, macho yake yanaangukia vile vyuma, naye anaumia. Aliona ni kama mifupa ya kaka yake imeachwa uani. Akaenda akazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu, wakapatana, lori lije Ijumaa. Na kwa kuwa wanunuzi hao hupima kwa gunia, siku moja mama alipokwenda kwenye kwaya, shemeji akamwaga makopo yote ndani ya gunia moja. Kopo la kwanza mpaka la mwisho.

Mama aliporudi akasimama mlangoni.

"Shemeji, makopo ya kaka yako yako wapi?"

"Nimepandia miche ya parachichi. Njoo uone ilivyosimama."

"Na vilivyokuwa ndani?"

"Viko pamoja, shemeji. Vimekaa salama kwenye gunia, lori linakuja Ijumaa. Usinitazame hivyo. Kaka amelala. Hata waje mafundi kumi, nani atajua nati ipi inakaa wapi? Mwache apumzike, na wewe upumzike."

Mama hakugomba. Alikwenda jikoni, akalia, akakoroga uji ambao hakuwa na hamu nao. Kwa sababu shemeji amesema kweli, sivyo? Chaki ilikuwa kwenye makopo, na makopo sasa yana udongo na parachichi. Ukichanganya bolti mia tano kwenye gunia moja, umebaki na nini? Umebaki na uzito. Mama akasema moyoni, basi, nilikuwa najidanganya, lije hilo lori.

Ijumaa asubuhi, kabla ya lori, akapiga hodi mzee mmoja kutoka mjini. Huyu alikuwa dereva wa zamani wa wapima ardhi, na baada ya kustaafu akapatwa na ugonjwa ambao dawa yake haijapatikana: anakusanya landrova za kale. Anazo tano chini ya paa moja. Ukutani ametundika usukani wa hili na lile, madebe ya mafuta ya chapa zilizokwisha kusahaulika, vibao vya namba, hata kofia za madereva waliotangulia mbele za haki. Mke wake husema, mume wangu ana mabati mengi kuliko mwenye nyumba za kupanga, na bado kwetu panavuja. Watu wa namna hii husalimia gari kabla ya kumsalimia mwenye gari. Na kweli, alipita moja kwa moja hadi kwenye chesisi, akaipapasa kama ng'ombe, ndipo akageuka.

"Samahani, mama. Shikamoo yangu imetangulia kwenye chuma."

"Marahaba ya chuma nimeipokea kwa niaba yake," mama akasema. "Karibu."

"Nitakuwa mkweli. Nimesikia lori linakuja leo. Mimi shida yangu ni zile taa mbili na ule wavu wa mbele, nikaivishe landrova yangu moja iliyo kama mzee asiye na meno. Hayo mengine ni ya mizani, na yaende kwenye mizani."

"Chukua," mama akasema. "Na ukitaka bolti, zimo kwenye gunia pale. Chagua unazozitaka."

Mzee akatia mkono kwenye gunia, akatoa bolti moja. Akaitazama. Akatia mkono tena, akatoa nyingine. Akatoa ya tatu. Kisha akavua kofia.

"Mama, aliyefungua gari hili alikuwa nani?"

"Mume wangu, marehemu."

"Alikuwa anataka kuliuza vipande vipande?"

"Huyo? Huyo hakuwahi kuuza hata spana iliyovunjika."

"Nilidhani hivyo. Mama, nitandikie mkeka."

Mama akatandika, akidhani mzee amechoka anataka kukaa. Mzee akamwaga gunia lote juu ya mkeka. Kisha akaokota bolti, akamwekea mama kiganjani.

"Tazama. Mtu anayelivunja gari ili alitupe hutumia nyundo na tindo. Bolti hurushwa huku, nati huenda kule, washa, zile pete zake za chuma, zinapotelea kwenye majani. Huyu wako, kila alipotoa bolti, aliirudishia washa zake mbili kwa mpangilio ule ule, akarudisha na nati yake mwenyewe, akaikaza kwa vidole. Kila moja. Sijaona hata moja iliyo uchi. Mama, mtu hafanyi hivi kwa kitu anachokiaga. Hii ni kazi ya mtu ambaye alipokuwa anafungua, tayari alikuwa anawaza kufunga."

Mama akaigeuza ile bolti. Kichwani ilikuwa na tone la rangi, jekundu. Akaokota nyingine, ina tone la waridi. Nyingine, la fedha. Akaisogeza karibu na macho. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kuna nini, mama?"

"Hii ni rangi yangu ya kucha. Hii hapa ya waridi nilinunua kwa ajili ya sikukuu ya kwaya. Miaka miwili zinaniishia, miaka miwili namsema mpwa wa marehemu kuwa ndiye anayezichukua, kumbe mwizi nalala naye kitanda kimoja."

Mzee akaenda kwenye turubai, akafuta grisi kwenye giaboksi kwa shati lake mwenyewe. Tone jekundu. Akafuta ekseli ya nyuma. Tone la waridi. Akafuta injini. Fedha.

"Lo," akasema polepole. "Chaki ilikuwa ya kumrahisishia yeye. Hii aliiweka kwa ajili ya siku ambayo makopo yatamwagika."

Wakaanza kuchambua. Je, kuna mwanamke wa nyanda za juu asiyejua kuchambua? Mama alichambua bolti kama maharage, nyekundu huku, waridi huku. Shemeji akatokea, akapigwa na butwaa, akaulizwa kama atasimama au atakaa. Akakaa. Akaanza kuchanganya waridi na nyekundu.

"Shemeji," mama akamwambia, "wewe rudi kwenye parachichi zako."

"Niache nijifunze. Mimi ndiye niliyemwaga."

Saa sita lori likapiga honi. Akashuka mnunuzi na mizani yake begani, akatazama huku na huku.

"Mama, mzigo uko wapi?"

"Hakuna mzigo, baba. Tumekusumbua bure, utusamehe. Kunywa chai uende."

"Niliambiwa kuna vyuma chakavu vya gari bovu."

"Hakuna chuma chakavu hapa. Hapa kuna gari."

Yule bwana akaitazama chesisi juu ya mawe. Akautazama mkeka wenye vilima vidogo vidogo vya bolti. Akawatazama wazee watatu waliokaa chini, vidole vimejaa grisi.

"Gari lenyewe liko wapi?"

Mama akaunyooshea mkeka kidole. "Si hilo umelikanyaga? Sogeza mguu."

Akasogeza mguu. Akanywa chai. Lori likaondoka tupu.

Wapendwa, naona mnataka kuniuliza, je, Kobe liliwaka? Sijasema liliwaka. Siku ile hakuna kilichonguruma. Injini ilikuwa chini ya turubai, magurudumu hayakuwepo, na mchana wote ule hawakufunga hata bolti moja. Lakini mimi nawauliza ninyi: mbona mama alikuwa anacheka? Amepata nini ambacho asubuhi hakuwa nacho? Vyuma ni vile vile. Uzito ni ule ule. Asubuhi vilikuwa vya mizani na mchana ni gari. Kilichobadilika ni kwamba ameijua nia ya aliyefungua.

Sasa sisi. Mwaka huu tumefukua udongo mara nyingi kwenye makaburi yetu. Mimi mwenyewe nina kaburi ambalo nalifahamu kwa kila jiwe lake, na wapo wenzangu hapa mbele ambao bado hawajazoea sahani moja mezani. Tumeona watu wetu wakifunguliwa kipande kwa kipande: leo miguu, kesho macho, keshokutwa hata majina yetu hawayakumbuki. Kisha udongo ukachanganya kila kitu. Na dunia, kwa wema wake kabisa, kama yule shemeji, inatuambia: mwache, pumzika, nani atajua kipi kinakaa wapi?

Kwa nini tunafunguliwa, mimi sijui. Sikusoma sana, na hata waliosoma sana nimewauliza, wakakohoa. Lakini nimeangalia kazi ya Mungu kwa karibu, na sijaona akitupa kitu. Nani alimpa marehemu ile sura yake, na ile namna yake ya kucheka, ya kwake peke yake, isiyoingia kwa mwingine? Aliyeweka alama kwa uangalifu namna ile, unadhani ataishia kwenye gunia?

Ila hapa mfano wangu unafika mwisho wa nguvu zake, na ninafurahi kwamba unafika. Fundi wa mama yule alifungua, akafa, kazi ikabaki kwa wengine wenye mikono inayotetemeka. Fundi wetu sisi naye alikufa. Alifunguliwa yeye mwenyewe, akalazwa chini ya jiwe, walinzi wakawekwa mlangoni. Na siku ya tatu akaamka. Kwa hiyo aliyetia alama yu hai, na kazi hajaikabidhi kwa mtu.

Basi tukirudi nyumbani leo tusikae kama watu wanaosubiri lori. Tulie kidogo, ndiyo, hata mama yule alilia kabla ya Ijumaa. Kisha tuchemshe chai, tuimbe, tupake kucha kwa ajili ya sikukuu. Na mtoto akiuliza bibi amekwenda wapi, asiambiwe bibi amekwisha. Aambiwe bibi yuko kwa Fundi.