Kwa Nini Mgeni Hunywa wa Mwisho Katika Soko la Saemgol

Karibuni kivulini, wageni wetu, mnisikilize kidogo kabla hamjaingia sokoni.

Hapo kale, katika soko hili la Saemgol, kila mwenye kiu alikunywa chake na hakuna aliyemkaribisha mwenzake. Wageni wa ng'ambo ndio walioogopwa zaidi. Mkuu wa wilaya alikuwa ametangaza kwamba mmoja wao akifia hapa, soko litavunjwa na wachuuzi watafukuzwa. Basi mgeni alipoonekana, watu walifunga vibanda vyao.

Adhuhuri moja ya kiangazi alifika mtu kutoka visiwa vya kusini, jina lake Wirya, amebeba mafurushi mawili ya pilipili manga. Kila alipogeuka alikuta milango imefungwa. Mwishowe kiu ikamzidi, akaanguka mbele ya kibanda cha Okbun.

Okbun alikuwa mjane aliyeuza sikhye, kinywaji cha wali uliolowekwa kwenye maji ya kimea hadi yakawa matamu, kisha yakapozwa, punje zikielea juu. Alichota bakuli akampelekea. Wirya aliyatazama yale maji meupe yenye ukungu, akafumba mdomo, akageuza uso.

Mzee Dalsu, fundi wa mapipa, akatoka kwake. "Mama, mwache. Akifa mkononi mwako, sote tumekwisha."

"Nikimwacha ndipo atakufa," Okbun akajibu. "Anaogopa tu. Hebu tazama macho yake."

Okbun hakujua, ila alikuwa amekisia kweli. Katika bandari ya kwanza ya safari yao, ndugu yake Wirya alipewa maji na mtu asiyemjua, na hakuona jua la kesho yake. Tangu hapo Wirya alikuwa ameapa kutopokea kinywaji mkononi mwa mtu.

Okbun akanywa funda moja mbele yake. Wirya akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na pumzi zilikuwa zikikatika. Okbun akamgeukia Dalsu, akamnyooshea bakuli.

"Kunywa, mzee. Mmoja hatoshi kumtoa hofu."

Dalsu akasita. Halafu akanywa. Muuza karatasi akafungua mlango, akaja akanywa. Akafuata mshona viatu, na muuza samaki wakavu na mkewe. Bakuli likapita mkono kwa mkono, na kila aliyekunywa alikaa chini kando ya mgeni, aonekane mzima. Lilipomrudia Okbun, lilikuwa limebaki funda moja na punje chache.

Wirya aliwatazama mmoja mmoja. Akanyoosha mikono, akanywa.

Wote wakabaki wameketi. Walingoja mpaka pumzi zake zikatulia na jasho likamtoka usoni. Kisha Wirya akaligeuza bakuli juu chini, kuonyesha kwamba ni tupu, akamrudishia Okbun apate kulijaza. Mzee Dalsu aliketi palepale mavumbini, akacheka hadi akajifuta machozi, na vibanda vikaanza kufunguliwa kimoja baada ya kingine.

Na tangu siku ile, anayeingia Saemgol kwa mara ya kwanza hunywa wa mwisho, baada ya muuzaji na majirani zake. Kwa hiyo msinune bakuli likiwafikia karibu tupu. La pili hujazwa hadi ukingoni, na hilo hakuna mwingine anayeligusa.