Kwa Nini Picha Haihami Chombo

Zamani picha haikuchagua chombo. Nasema zamani ya kwelikweli, kabla ya simu zenu hizi na televisheni pana kama mlango, wakati picha zinazotembea zilikaa majini. Ulichota maji popote, ukainama, ukatazama: harusi za watu, vita vya watu, wafu wakicheka kama jana. Ulianzia kwenye kata ya maji shambani, mvua ikakukimbiza, ukaendelea nyumbani kwenye mtungi pale pale ulipoishia. Hata bakuli la mbwa lilionyesha, na mbwa akatazama pamoja nawe. Hakuna aliyeulizwa, "Wewe una chombo gani?"

Basi palikuwa na mwanamke aitwaye Mbodze, aliyefiwa na bintiye Dama wakati yeye yuko safarini kutafuta chumvi. Aliporudi, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Waliomuuguza mtoto walimwambia Dama aliacha neno kwa mamake, lakini sauti ilikuwa imekwisha, hawakulishika. Mbodze hakulia sana. Alichota maji kwenye kibuyu chake, akainama. Picha za Dama zilikuja kwa mpangilio, tangu alipozaliwa, kidogo kila siku, wala hazirukwi. Mbodze alizifuata miaka saba, akiisubiri siku ya mwisho, alisikie lile neno.

Jirani yake alikuwa mfinyanzi, Sidi, mwenye mikono mizuri na roho nyembamba. Ilimuuma kuona watu wakitazamia kwenye vifuu na vibuyu vyenye nyufa, huku vyungu vyake vikiota ukungu nyuma ya nyumba. Akaenda kwenye chemchemi ya msituni, akaita. Sauti ikamjibu kutoka chini ya mizizi, na sauti hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

"Unataka nini, Sidi?"

"Picha zikae kwenye vyungu vyangu tu."

"Zitakaa. Ila iliyoanzia kwenye chombo kingine haitaingia, hata uisihi."

Sidi alisikia nusu ya kwanza. Wenye bidhaa ndivyo walivyo.

Kesho yake vibuyu vyote vilizima. Mbodze alikuwa amebakiza siku moja. Dama alikuwa tayari kitandani, midomo imeanza kufunguka, ndipo maji yakawa meusi. Mbodze akakimbia kwa Sidi, akanyakua chungu kipya, akamimina maji yale yale. Dama akatokea, lakini amempa mgongo.

"Dama, mwanangu, geuka."

"Chombo hiki sikijui," mgongo ukasema. Kisha giza.

Mbodze hakuondoka. Alikaa mlangoni kwa Sidi siku tatu. "Ulichokifunga kifungue," alisema. "Na pole yako kaa nayo, mwenzangu. Pole haina sauti ya mwanangu."

Aibu ikamshika Sidi. Akaamua kufinyanga chungu kimoja cha kupokea picha zote. Akaweka udongo chini, akainama, akaanza kuuzunguka kinyumenyume, maana kwa wafinyanzi wale ni mtu anayezunguka, chungu hakizunguki. Na mfinyanzi hasemeshwi mpaka amalize mdomo wa chungu. Kila mtoto alilijua hilo, na Mbodze alilijua. Lakini ukuta wa chungu ulipanda, ukapanda, na humo ndani Mbodze akasikia mtu akivuta pumzi, kama anayetaka kusema.

"Sidi! Bado tu?"

Sidi aliinua uso kuitikia, miguu ikaendelea. Alitaka kusimama, ikaendelea. Alizunguka hadi nyayo zikachimba mfereji, mfereji ukawa shimo, na alipozama asionekane tena, watu bado walisikia hatua zake zikizunguka chini ya ardhi. Mdomo wa chungu haukumalizwa. Ile pumzi iliyokuwa ndani ikatoka bila neno.

Na tangu siku hiyo picha haihami chombo. Mnaianza kwenye simu, televisheni inaikataa. Ya shangazi yenu inakubali, yenu inaambiwa imepitwa na wakati, na mmeileta juzi tu kwa vigelegele. Mnakipiga kioo makofi, mnamtukana fundi. Fundi kakosa nini? Mkiona kile kiduara kinazunguka katikati ya kioo, nyamazeni. Huyo ni Sidi, na kila mkisema "bado tu" anaanza upya. Na kioo kikizima kabisa, mkaona humo uso mweusi umeinama, unatazama kwa hamu, msiwe wepesi kusema ni wenu. Fumbeni jicho moja kwanza. Ule usipofumba, sogeeni pembeni, mwacheni mama wa watu amtafute Dama wake.