Kwa Nini Mvua ya Mawe Huruka Mfereji

Mmekuwa mkiniuliza jambo hili tangu mlipoanza kushika jembe. Inawezekanaje mvua ya mawe iponde shamba la huyu na kuacha la jirani yake, ilhali kati yao kuna mfereji ambao hata mbuzi anauruka? Mnasema pengine ina macho. Haina. Aliyeifundisha kuchagua ni mtu wa hapahapa Ikomelo, na alikuwa na nia njema.

Zamani mawe hayo yalikuwa madogo kama punje za ulezi, na yalimwagika juu ya milima yote kwa pamoja. Kila alasiri ya msimu wa kupanda yalitoboa jani hapa na jani pale, kisha yakayeyuka. Hakuna aliyevuna shamba zima, na hakuna aliyelala njaa. Watu waliyazoea, kama tunavyozoea mbu.

Andongolile hakuyazoea. Huyu alikuwa mkulima hodari, na sisemi hivyo kwa kumtania. Aliyapalilia maharage yake hadi majirani wakamcheka. Kila alipoona jani limetoboka, moyo ulimuuma. Alitamani mara moja tu maishani mwake avune shamba lisilo na kovu. Basi siku moja akafunga ndizi za kuchemsha kwenye jani la mgomba, akapanda mlima hadi kileleni, alikokaa Mama Wingu.

Akamweleza shida yake kwa adabu. Akamwomba ayakusanye mawe yote mkononi, ayaangushe mahali pamoja tu, ili wengine wasalimike. Mama Wingu akataka kujua nani atapanga zamu. Hapo ndipo mtaona kwamba bwana huyu hakuwa mjinga. Alijibu kwamba zamu isijulikane kabisa, kwa sababu atakayejua kuwa mwaka huu ni wake hatalima. Mama Wingu akaona amesema la maana, akakubali.

Ikomelo nzima ilifurahi, isipokuwa Gwantwa, mjane aliyelima ng'ambo ya mfereji wa Andongolile. Yeye alisema ana shamba moja na watoto wanne, na likiangukiwa hilo hajui watakula nini. Wakamwambia aache kujitabiria mabaya.

Msimu uleule wingu zito lilikatiza milima kwa mstari mwembamba, kama njia ya ng'ombe, likaangusha mawe makubwa kama mayai. Lilipopita, shamba la Gwantwa lilikuwa tope na vikonyo vitupu. La Andongolile lilisimama zima, bila tundu hata moja. Alichokitamani alikuwa amekipata, na alifurahi, tusimsingizie. Alifurahi mpaka alipomwona Gwantwa amesimama kwenye ukingo wa mfereji.

"Baba," Gwantwa akamwambia, "tulikuwa tukipigwa sote, kidogokidogo. Leo kipigo chako nimekipokea mimi."

Akaondoka bila kuomba kitu. Andongolile aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Hakungoja hata nguo zikauke. Akarudi kileleni kumsihi Mama Wingu arudishe mambo yalivyokuwa.

"Mwanangu, mkono wangu umeshazoea kufumba," Mama Wingu akamjibu. "Kukusanya nimejua, kutawanya nimesahau. Tawanyeni ninyi."

Alishuka akijiuliza watawanye nini, na mawe yenyewe yameshayeyuka. Alikuwa karibu kufika kwake ndipo alipoelewa. Akaingia ghalani, akajaza kikapu maharage ya chakula na ya mbegu, akavuka nacho mfereji. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, akawaeleza wenzake alichoambiwa. Wengine walinung'unika, lakini kila nyumba ilitoa, na Gwantwa akapanda upya kabla msimu haujamtupa.

Na tangu siku hiyo mvua ya mawe hupita kwa mstari, na hakuna ajuaye itapita wapi. Tangu siku hiyo pia, aliyesalimika hubeba kikapu siku ileile, kabla hajaombwa. Na anayepokea hasemi asante. Wageni wakituona hudhani hatuna adabu. Hawajui kwamba aliyebeba kikapu hakuleta zawadi. Amekuja kuchukua sehemu yake ya kipigo.